Kupora simu, miaka 30: ni haki?

Vijiweni Muheza, kuanzia kwa bodaboda wa mjini hadi wakulima wa iliki kule Amani, habari za hukumu hazikosi mjadala. Mwanasheria anajibu maswali ya vijana.

*Aliyepora simu ya laki moja kafungwa miaka 30. Aliyeiba magunia ya iliki ghalani kapata mwaka. Huu ni uwiano gani?*

Bei ya simu haihesabiwi. Kwenye unyang'anyi wa kutumia silaha, Kanuni ya Adhabu inataka kujua kama ulikuwa na silaha, na kama uliitumia au ulitishia nayo ili upate mali au uondoke nayo. Panga la kupalilia michungwa linatosha. Hapo adhabu inaanzia miaka 30, hakimu hana pa kushukia. Mwizi wa iliki hakumtisha mtu; wizi wa kawaida umewekewa ukomo wa juu, chini yake hakimu anapima.

Mshtakiwa ataomba apunguziwe, ni kosa lake la kwanza, mama anamtegemea. Yataandikwa kwenye jalada na miaka itabaki ileile. Hapa nawaunga mkono vijana: aliyemkata mtu mkono na aliyeinua panga akakimbia hawafanani, lakini wote wanaanzia 30.

*Mbona mwenzake wa miaka 17 hakwenda jela?*

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha jela. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho Irambo, Mbeya, au kuachiwa chini ya uangalizi. Rafiki yake aliyetimiza 18 juzi anabeba 30 zake. Mpaka lazima uwepo, sawa. Kinachoniudhi ni mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa kuandikwa umri wa kukisia, mzazi akanyamaza. Mama, nenda na kadi ya kliniki siku ya kwanza kabisa. Kukiwa na shaka, mahakama inapaswa kuuchunguza umri.

*Kifungo cha nje ni cha wenye pesa?*

Hapana, hakinunuliwi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inahusu kifungo kisichozidi miaka mitatu: unafanya kazi ya umma bila ujira, mathalani kufyeka uwanja wa zahanati, badala ya kulala gereza la Maweni. Omba. Ofisa atafuatilia mwenendo wako na kumwandikia hakimu taarifa, kwa hiyo uliyekosana na mtaa mzima utapata tabu.

*Nikiona nimeonewa?*

Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Wilayani ndani ya siku 30. Kutoka Wilayani inakwenda Mahakama Kuu: kusudio ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Aliye gerezani anaipitisha kwa mkuu wa gereza. Kwa ile miaka 30, usipoteze karatasi kulia kwamba ni mingi. Pigania ushahidi wa silaha: nani aliiona, kulikuwa na mwanga gani? Silaha isipothibitishwa, kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha halisimami.