Klachi Inapochoka Mlimani: Tambua Kasoro Kabla ya Kulipa

Gari linalotembea kati ya Same na Moshi kwa barabara kuu laweza kuficha kasoro ya klachi kwa muda mrefu, kwa kuwa njia hiyo haina miinuko mikali na gia hubadilishwa mara chache. Kasoro hiyo hujitokeza siku gari linapoiacha barabara kuu pale Makanya na kuanza kupanda Suji, au linapotoka Mwanga kuelekea Usangi: injini inanguruma, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Mwenye gari hufika gereji akiwa na hofu, na mwenye hofu hulipa bila kuuliza. Katika somo hili tunaeleza namna mlaji anavyoweza kuitambua kasoro mwenyewe kabla ya kukubali giaboksi ishushwe.

Klachi hufanya nini?

Klachi huunganisha injini na giaboksi. Sahani yake, ambayo mafundi huiita klachi pleti, hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Dereva anapoachia pedali, sahani hubanwa na nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu. Anapoikanyaga, sahani huachiliwa na gia huweza kubadilishwa. Kwa hiyo klachi huugua kwa namna kuu mbili: kushindwa kushika, au kushindwa kuachia. Tiba zake hazifanani, wala gharama zake.

Klachi isiyoshika

Dalili yake ni mlio wa injini kupanda bila gari kuongeza mwendo, hasa kwenye mwinuko au likiwa na mzigo. Ili kuhakikisha, simamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma. Funga breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, weka gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Injini ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Usirudie jaribio hili mara nyingi, kwani kila mtelezo huila sahani.

Katika gari linalotumia waya wa klachi, kagua kwanza kama pedali ina mchezo mdogo kabla ya kuanza kuwa nzito. Waya uliokazwa kupita kiasi huifanya hata sahani nzuri iteleze, na marekebisho yake hayahitaji kushusha giaboksi.

Klachi isiyoachia

Hapa gia hukataa kuingia au hukwaruza, hususan gia ya nyuma. Tuchukue mfano wa mwenye pikapu anayebeba tangawizi kutoka Mamba Miamba. Asubuhi gia hazikubali, lakini akikanyaga pedali mara tatu au nne mfululizo, zinaingia. Akiambiwa anunue klachi pleti mpya, asikubali upesi. Pedali inayopata nguvu kwa kukanyagwa mfululizo huashiria hewa au uvujaji katika mfumo wa mafuta, si sahani iliyokwisha.

Aangalie kiwango cha mafuta kwenye kikopo chake, kisha unyevu kwenye silinda iliyo karibu na pedali na ile iliyo kwenye giaboksi. Aongeze aina iliyoandikwa kwenye kifuniko tu, kama vile DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini huharibu mipira ya mfumo huo. Katika magari mengi, breki na klachi hutumia kikopo kimoja. Hivyo mafuta yakipungua, usalama wa breki nao uchunguzwe kabla gari halijaondoka.

Kelele na mtetemo

Mlio unaosikika pedali inapokanyagwa mara nyingi hutoka kwenye beringi ya klachi. Ule unaotoweka pedali inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi ya giaboksi, na klachi mpya haitauondoa. Gari likitetemeka linapoanza kuondoka, fundi achunguze kama oili inavuja na kuilowesha sahani. Kubadili sahani bila kuziba uvujaji ni kulipa mara mbili.

Ukiwa mlimani

Usilizuie gari kwenye mwinuko kwa klachi na mafuta, tumia breki. Unapoteremka, weka gia ndogo mapema na usiendelee kukanyaga klachi, kwa sababu injini haitasaidia tena kulipunguza gari mwendo, na breki zitabeba kazi yote hadi zipate moto. Klachi inayoteleza nayo hupunguza msaada huo. Ukiigundua ungali juu, shusha mzigo, weka jiwe kwenye gurudumu na uite fundi. Kuiacha ipoe huifanya ishike kwa muda tu, haiponyi.

Mbele ya fundi

Mweleze dalili na jaribio ulilofanya, kisha umwombe akuonyeshe ushahidi wa kasoro. Patana bei ya vipuri na ya ufundi kila moja peke yake, kwa maandishi. Ikiwa lazima giaboksi ishushwe, sahani, presha pleti na beringi zikaguliwe pamoja, na flaiwili isiachwe, kwani kazi ya kushusha ni ileile. Dai vipuri vya zamani uvione, pamoja na risiti yenye jina la kifaa na muda wa dhamana. Tunza pia kasha la kipuri kipya.

Ukishuku kwamba umeuziwa kipuri bandia, kihifadhi pamoja na risiti na kasha lake, kisha wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mlaji asiye na risiti wala kipuri hubaki na maneno matupu, hata kama haki ni yake.