Mizani ya Homoni Mwilini na Hatari ya Krimu Zenye Steroidi

Mwili wa binadamu huishi kwa mizani. Joto, maji, chumvi na sukari hupaswa kubaki katika viwango maalumu, na viungo huitunza mizani hiyo kwa kupelekeana taarifa kupitia kemikali ziitwazo homoni.

Tuchukue mfano mmoja. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi hutengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kudumisha shinikizo la damu na sukari, na kuuwezesha mwili kustahimili maradhi au majeraha. Kotisoli ikipungua katika damu, ubongo huziamuru tezi kutengeneza zaidi. Ikitosha, amri husitishwa. Ni mfano wa boya katika tangi la maji: maji yakijaa hufunga bomba, yakipungua hulifungua.

Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, pamoja na mkorogo unaochanganywa mitaani, huwa na steroidi kali kama vile klobetasoli na betamethasoni. Dawa hizi hutenda kazi kama kotisoli. Zikipakwa sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu, hupenya ngozi na kuingia katika damu. Ubongo huhesabu kuwa kotisoli imejaa, husitisha amri, na tezi za adrenali hulala. Ngozi huwa nyembamba na yenye michirizi. Uso huweza kuvimba, na shinikizo la damu na sukari kupanda.

Hatari nyingine hujitokeza mtumiaji anapoacha ghafla. Tezi zilizolala haziamki kwa siku moja. Mtu huweza kupatwa na uchovu mkubwa, kizunguzungu, kutapika au kuzimia. Na akiugua sana au kupata ajali, maisha yake huwa hatarini.

Kwa hiyo tunawashauri watumiaji:

1. Msinunue krimu isiyo na lebo inayotaja viambato vyake.
2. Steroidi ni dawa, si kipodozi. Zitumike kwa maelekezo ya daktari tu.
3. Aliyekwisha kuitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla wala asiendelee kimya kimya. Aende kituo cha afya akiwa na kopo lake, ili daktari ampime na kumwelekeza namna ya kuiacha salama.
4. Dalili za hatari zikitokea, apelekwe hospitali mara moja.

Hatumlaumu aliyetumia bila kujua. Tunamsihi aseme mapema.