Moto Usiozimika na Moyo wa Mungu

SABATO ALASIRI

Fungu la Kukariri: Ezekieli 33:11

Katika msiba wa kijana ambaye hakuwahi kubatizwa, mama mzazi hukaa kimya mhubiri anapoeleza habari za moto. Waombolezaji wengine huitikia "Amina." Yeye ana swali moja tu: mwanangu yuko wapi sasa hivi? Akiambiwa kwamba anaungua, na kwamba miaka milioni moja kuanzia leo atakuwa bado anaungua, wimbo unaofuata kuhusu upendo wa Mungu hauwezi kumwingia. Ataimba kwa sababu wenzake wanaimba.

Swali la mama huyo ni la haki, na limewatoa watu wengi kanisani, hasa vijana wanaosoma na kufikiri. Wako wanaolikwepa kwa kutoitaja jehanamu kabisa, wakihubiri upendo peke yake. Njia hiyo haiwezekani kwa mfuasi wa Yesu. Neno lililotafsiriwa "jehanamu" linapatikana mara 12 katika Agano Jipya la Kiyunani, na mara 11 kati ya hizo msemaji ni Yesu mwenyewe. (Mara iliyobaki iko katika Yakobo 3:6.) Yule aliyewabeba watoto mikononi na kulia kaburini kwa Lazaro ndiye aliyeonya zaidi kuhusu jehanamu. Ni lazima mambo hayo mawili yatoke katika moyo mmoja.

*Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Bonde Lenye Jina

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kuzimu na jehanamu. Kuzimu ni mahali pa wafu wote, wema na wabaya. Yakobo alitazamia kushuka huko akimlilia Yusufu (Mwa. 37:35), na Ayubu katika mateso yake aliomba afichwe huko mpaka ghadhabu ipite (Ayu. 14:13). Hakuna mtu anayeomba kufichwa ndani ya tanuru.

Jehanamu ni neno jingine. Kiswahili kimelipokea kupitia Kiarabu, lakini mzizi wake ni wa Kiebrania: Ge-Hinomu, yaani Bonde la Hinomu, lililo upande wa kusini wa Yerusalemu ya kale. Ni mahali panapoweza kutembelewa hata leo.

Soma 2 Nyakati 28:1–3 na 33:1–6. Ahazi na Manase, wafalme wa Yuda, waliwapitisha wana wao motoni katika bonde hilo. Mfalme Yosia alipafanya pawe najisi ili mtu yeyote asirudie tendo hilo (2 Fal. 23:10). Sasa soma Yeremia 7:30–33 polepole. Mungu anasema nini kuhusu tendo hilo na moyo wake?

Anasema hakuliagiza, wala wazo hilo halikuingia moyoni mwake. Anarudia jambo lile lile katika Yeremia 19:5 na 32:35. Mara tatu katika kitabu kimoja, Mungu anajitenga na dini inayochoma watu ili kumpendeza.

Mtu anaweza kupinga kwamba wale walikuwa watoto wasio na hatia, na wanaohukumiwa siku ya mwisho wana hatia. Pingamizi hilo ni la kweli, na fungu hili peke yake halimalizi mjadala. Lakini angalia hukumu inayotamkwa juu ya wale waliowasha ule moto. Katika aya ya 33 maiti zao zinakuwa chakula cha ndege na wanyama, katika bonde lile lile. Isaya 66:24, fungu ambalo Yesu analirejea anapotaja funza na moto (Mk. 9:43–48), nalo linazungumza habari za mizoga. Wanaoitazama wanaona wafu. Hakuna mtu aliye hai ndani ya picha hiyo akilia bila mwisho.

Wahubiri wengi husema kwamba wakati wa Yesu bonde hilo lilikuwa jalala la mji, lenye takataka zinazowaka mchana na usiku. Maelezo hayo yanapendwa, lakini yanatoka kwa mwalimu wa Kiyahudi, David Kimhi, aliyeandika karibu mwaka 1200, na ni afadhali yasitegemewe. Yeremia anatosha.

JUMATATU

Moto Ambao Haukuzimika

Kila mkulima ameuona moto wa nyika wakati wa kiangazi. Watu hukimbia na matawi mabichi na ndoo, upepo unawashinda, wanarudi nyumbani wakisema, "Haukuzimika." Hakuna anayewaelewa kwamba unawaka mpaka leo. Maana yake ni kwamba haukuzuilika mpaka ukala chote kilichokuwapo cha kuliwa.

Soma Yeremia 17:27. Mungu anaonya kwamba atawasha moto katika malango ya Yerusalemu, nao hautazimika. Linganisha na 2 Nyakati 36:17–21. Moto huo ulitimizwa lini, na unawaka sasa?

Wababeli waliuteketeza mji mwaka 586 K.K. Neno la Yeremia lilitimia kabisa, na miaka kadhaa baadaye Wayahudi walirudi na kujenga juu ya mahali pale pale. Moto usiozimika ulikuwa umemaliza kazi yake.

Vivyo hivyo Yuda 7 anasema Sodoma na Gomora zimewekwa kuwa mfano, zikipata adhabu ya moto wa milele. Petro, akieleza tukio hilo hilo, anasema miji hiyo iligeuzwa kuwa majivu (2 Pet. 2:6). Matokeo ya moto huo ndiyo ya milele, kwa maana Sodoma haikujengwa tena. Malaki 4:1–3 anatumia lugha hiyo kwa siku ya mwisho: makapi, mizizi na matawi visivyobaki, majivu chini ya nyayo. Zaburi 37:20 inataja moshi unaotoweka.

Je, "milele" si milele? Biblia yenyewe inaonyesha kwamba neno hilo hupimwa kwa kitu linachokieleza. Hana aliahidi kwamba Samweli angekaa mbele za Bwana daima, kisha akafafanua kuwa ni siku zote za uhai wake (1 Sam. 1:22, 28). Yona aliona mapingo ya nchi yamemfunga milele (Yona 2:6), naye alikaa ndani ya samaki siku tatu. Likitumiwa kwa Mungu, ambaye peke yake ana hali ya kutokufa (1 Tim. 6:16), milele haina ukomo. Likitumiwa kwa mwenye dhambi ambaye mshahara wake ni mauti (Rum. 6:23), anayepaswa kuthibitisha kwamba huyo hawezi kufa ni yule anayelidai jambo hilo. Nyoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kulidai (Mwa. 3:4).

JUMANNE

Mafungu Magumu

Haifai mwalimu wa darasa ayakwepe mafungu yanayoonekana kusema kinyume. Washiriki wanayajua, na majirani watawauliza.

Katika Mathayo 25:46 adhabu ya milele inawekwa sambamba na uzima wa milele. Wengine hukata shauri hapo hapo kwamba ikiwa uzima hauna mwisho, mateso nayo hayana. Lakini Yesu alisema adhabu, na adhabu iliyo kinyume cha uzima ni mauti ambayo hayatenguliwi. Waebrania 9:12 inataja ukombozi wa milele, na hakuna anayefikiri kwamba Kristo anaendelea kukomboa bila kumaliza. Aliukamilisha mara moja, na matokeo yake yanadumu.

Tajiri na Lazaro (Luka 16:19–31) ni mfano. Mtu akiusoma neno kwa neno, itambidi aeleze jinsi roho zilivyo na ulimi na ncha ya kidole wakati miili iko kaburini, na jinsi waliookolewa wanavyoongea na jamaa zao walio motoni. Yesu anafikia shabaha yake katika aya ya 31, kwamba asiyemsikiliza Musa na manabii hatashawishika hata mfu akifufuka.

Fungu gumu kuliko yote ni Ufunuo 20:10, linalotaja kuteswa mchana na usiku hata milele na milele. Lina uzito wake, wala lisipuuzwe. Hata hivyo aya ya 9 imekwisha kusema kwamba moto ulishuka ukawala waovu. Aya ya 14 inatupa mauti na kuzimu ndani ya ziwa hilo hilo, na mauti hayawezi kuhisi maumivu. Yanaweza tu kukomeshwa. Yule mnyama pia, kwa Danieli, huuawa na mwili wake huangamizwa kwa moto (Dan. 7:11). Isaya 34:9, 10 tayari lilikuwa limeeleza moshi wa Edomu upandao milele, na Edomu haitoi moshi leo. Yohana anaandika kwa lugha ya manabii hao, naye mwenyewe analiita ziwa hilo mauti ya pili.

Ikiwa ungeulizwa na rafiki kuhusu Ufunuo 20:10, ungeanzia aya ipi, na kwa nini?

JUMATANO

Kwa Nini Asiwasamehe Wote?

Kuondoa mateso yasiyo na mwisho hakuondoi swali lote. Bado kuna moto, na bado watu wanapotea. Kwa nini Mungu mwenye upendo asifute tu mashtaka?

Mwaka 1994 nchini Rwanda, watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo, mara nyingi na watu waliowafahamu. Anayesema kwamba upendo haupaswi kuhukumu aende kwanza kulisema hilo mbele ya mtu aliyenusurika chini ya maiti za nduguze. Kilio cha Ufunuo 6:10 kinatoka kwa waliouawa, wakiuliza Bwana atakawia hata lini. Mungu asiyekasirishwa na damu yao asingewapenda. Naye hahukumu kwa kipimo kimoja: soma Luka 12:47, 48, ambapo mmoja hupigwa mapigo mengi na mwingine machache. Mateso yasiyo na mwisho kwa wote yangefuta tofauti hiyo.

Hata hivyo soma Hosea 11:8, 9. Miji gani inatajwa hapo, na Mungu anajisikiaje?

Adma na Seboimu iliangamizwa pamoja na Sodoma na Gomora (Kum. 29:23). Mungu anaitazama Efraimu iliyostahili moto huo, na moyo wake unageuka ndani yake. Kwa hiyo hata habari za Sodoma zinarudi kinywani mwake zikiwa na uchungu. Isaya 28:21 huiita hukumu kazi yake ya ajabu, kana kwamba ni kazi ngeni mikononi mwake. Yesu aliutabiria Yerusalemu maangamizi huku akilia (Luka 19:41–44).

Kuna rehema hata katika mwisho wenyewe. Baada ya dhambi, Mungu aliweka walinzi kwenye mti wa uzima ili mwanadamu asile akaishi milele katika hali ile (Mwa. 3:22–24). Kumwezesha mtu kuchukia na kuteseka bila ukomo ndilo jambo ambalo Mungu alilizuia tangu Edeni.

ALHAMISI

Mauti Aliyoionja

Soma Mathayo 27:45–50 na Waebrania 2:9.

Ikiwa mshahara wa dhambi ni kuteswa bila mwisho, Yesu hakuulipa, kwa maana mateso yake yalikoma Ijumaa jioni, naye akafufuka siku ya tatu. Ikiwa mshahara ni mauti, yaani kutengwa kabisa na Baba aliye chanzo cha uzima, basi aliulipa wote. Giza lile la saa tatu na kile kilio cha kuachwa vinaonyesha jehanamu ilivyo kuliko mchoro wowote wa ndimi za moto. Na aliyekuwa ndani yake ni Mwana wa Mungu.

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Ellen Harmon, aliyezaliwa mwaka 1827 katika jimbo la Maine, Marekani, alikua akisikia mahubiri ya moto wa mateso ya milele. Hofu ilimkosesha usingizi, na Mungu alionekana kwake kama mtawala katili. Baadaye alimsikia mama yake akizungumza na mwanamke mwingine kwamba roho haina hali ya kutokufa kwa asili. Akashtuka, akauliza nini kitawaamsha wenye dhambi basi. Mama yake akamjibu, kwa maana hii, kwamba asiyevutwa na upendo wa Mungu hataletwa kwenye toba na vitisho vya jehanamu. Msichana huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama Ellen G. White.

Fundisho hilo lilikuwa limeingia miongoni mwa waliongojea marejeo ya Kristo kupitia kwa George Storrs, mhubiri aliyekuwa Mmethodisti. Mwaka 1837 alisoma kijitabu cha Henry Grew, na mwaka 1842 akahubiri mahubiri sita juu ya jambo hilo. Mchungaji Charles Fitch alimwandikia Januari 1844 kumwambia kwamba anakubaliana naye. Wenzao wengi walipinga. Katika karne ya 20 Mwanglikana John Stott wa London, aliyeheshimiwa sana na wainjilisti, alieleza mwaka 1988, kwa tahadhari, kwamba naye ameelekea upande wa kuangamizwa kwa waovu.

Maswali ya Kujadili:

1. Mhubiri akiwaambia watoto kuhusu moto ili waitikie wito, je, wanaoitikia wamempenda Mungu au wamemkimbia? Mnawezaje kufundisha hukumu katika madarasa ya watoto bila kuificha na bila kutisha?

2. Mtu fulani anasema: "Kama waovu watakufa tu, basi nile na ninywe." Utamjibu nini kutokana na Luka 12:47, 48 na Ezekieli 33:11?

3. Yule mama aliye msibani hakuuliza kuhusu Kiyunani. Akikuuliza wewe, jioni hiyo, mwanawe yuko wapi, utamwambia nini, na ni kipi utakachokiacha mikononi mwa Mungu bila kukisemea?