Embe Lishuke, Lisianguke: Vidokezo 7 vya Kuangua Matunda kwa Kingoe

Mwembe wa zamani haufikiki kwa mkono. Watoto wanarusha mawe, machanga yanapukutika pamoja na yaliyokomaa, na bati la jirani linalia. Dawa yake ni ya tangu enzi za mababu: kingoe, yaani mti mrefu wenye ndoano kichwani, ambao wengine huuita upembo.

1. Anza na mwanzi mkavu. Mbichi ni mzito na hupinda. Mita 4 au 5 zinatosha. Ukizidisha, ncha itayumba na mabega yatachoka kabla kikapu hakijajaa. Upande mnene ukae mkononi.

2. Tafuta panda ya asili. Tawi gumu la mpera lenye panda linaushinda msumari. Kata mkono mmoja ubaki mfupi na uelekee chini, kisha mrefu ufunge kwenye mwanzi, sehemu mbili, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukitumia kamba ya katani, ikague na uikaze kila unapoanza kazi.

3. Weka mfuko. Pinda waya mnene uwe duara, ushonee kipande cha gunia au wavu, uufunge chini kidogo ya ndoano. Kikonyo kikikatika, embe linatumbukia humo. Yakifika mawili matatu, shusha.

4. Usiling'oe kikonyo. Embe likichomoka bila kikonyo humwaga utomvu unaochoma ngozi na kulitia madoa. Subiri jua lipande kidogo, maana alfajiri utomvu huwa mwingi. Parachichi nalo liache na kikonyo kifupi, la sivyo uozo utaingilia hapo. Na usilisubiri lilainike mtini: hukomaa huko, lakini hulainika likishachumwa.

5. Kwenye mkarafuu, pole pole. Wachumaji wa Pemba na Unguja hutumia kingoe kifupi kuvuta tawi lije mkononi, wachume vichala kabla vitumba havijafunguka. Matawi ya mkarafuu huvunjika upesi, na tawi lililovunjika leo halikupi kitu msimu ujao.

6. Nazi mwachie mkwezi. Kufunga mundu kwenye mwanzi na kusimama chini ya mnazi ni kuitafutia nazi kichwa cha kutua. Nazi yenye makumbi yake huzidi kilo 1 kwa urahisi. Mkwezi akiwa juu, watu na kuku wakae mbali.

7. Tazama juu kabla ya kuinua. Penye nyaya za umeme, kingoe kibaki chini, hasa mvua ikiwa imenyesha, kwani mwanzi uliolowa hupitisha umeme. Kazi ikiisha, futa utomvu kwenye ndoano, kisha ulaze mwanzi juu ya vigingi viwili chini ya upenu. Ukiuacha ardhini, mchwa wataumaliza kabla ya msimu ujao.