Ufa Juu ya Mlima

Ndugu mfanyakazi, wewe na jamaa yako, wakati wa mvua tazama kwanza mlima ulio juu ya kazi yako na juu ya nyumba yako.

Maji yanaingia katika udongo, yanauongezea uzito, tena yanasukuma chembe zake zisishikane. Tukikata miti na kuchimba kwenye mguu wa mlima, tumeondoa nguzo. Huko Namoya, katika Kabambare, dhahabu imechimbwa tangu wakati wa ukoloni. Na kila shimo la zamani linaweza kukusanya maji. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, shimo la dhahabu liliporomoka baada ya mvua kubwa, na makumi ya wachimbaji wakafa.

Basi, namna ya kupima. Ukiona ufa unaokata mteremko, simika kijiti kimoja upande wake wa juu na kingine upande wa chini. Kata fimbo yenye urefu sawasawa na nafasi iliyo kati yao. Kesho asubuhi, na kila baada ya mvua, pima tena. Fimbo ikiwa fupi, mlima unatembea: toa watu wote, mwambie kapita, hata kama saa ya kutoka bado. Ufa usiuzibe kwa udongo kwanza, maana hutaona unavyokua. Miti iliyoinama, mlango ulioanza kukwama, chemchemi mpya yenye maji machafu, hizo nazo ni alama. Mara nyingi mama na watoto ndio wanaoziona kwanza, kwa hiyo wasikilizwe.

Mto nao una mambo yake. Luama unatoka milimani upande wa mashariki na kwenda kuingia Lualaba. Mvua ikinyesha kule, maji yanaweza kupanda Kabambare jua likiwaka. Na kijito kikipungua ghafula wakati wa mvua, usishuke kuosha mchanga wala kuokota samaki. Huenda udongo umekiziba huko juu, na kizuizi kitapasuka.

Tarehe 4 Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, mito ilishusha matope na mawe juu ya nyumba. Watu zaidi ya 400 walikufa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Leo jioni pataneni nyumbani mtakimbilia wapi: pembeni, mahali palipoinuka, mbali na mkondo. Msikimbie kufuata bonde.