JIFUNZE TARAKILISHI: PRINTA NAYO INA ANWANI YAKE

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuuliza si ujinga. Swali linaloulizwa sana maofisini, kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, ni hili: mbona printa iliyochapisha vizuri jana leo imenyamaza, ilhali karatasi imo, wino umo na taa inawaka? Aghalabu printa haina ugonjwa wowote. Imehama anwani, na tarakilishi zingali zinapeleka kazi kule ilikokuwa ikiishi.

Anwani hii ni nini?

Tuanze na posta. Sanduku lenye nambari fulani laweza kuwa Kitengela, na jingine lenye nambari iyo hiyo likawa Kajiado. Barua hazichanganyiki kwa sababu kila mji una msimbo wake: Kitengela 00242, Kajiado 01100. Mtandao nao uko vivyo hivyo. Kila chombo hupewa anwani ya IP yenye nambari nne, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.50. Tangu 1994, mafungu fulani ya anwani yametengwa kwa matumizi ya ndani. Kwa hivyo ofisi ya Kitengela na ya Kajiado zaweza kuwa na 192.168.1.50 kila moja bila kugombana. Ndani ya ofisi moja, lakini, fahali wawili hawakai zizi moja.

Kwa nini printa huhama?

Anayegawa anwani ni ruta, kwa utaratibu uitwao DHCP ulioanza mwaka 1993. Ruta haiuzi anwani, inakodisha tu. Shule ikifungwa na printa ikazimwa wiki tatu, muda wa kodi huisha na anwani ikapewa simu ya mtu. Stima nayo ikipotea, ruta nyingine husahau orodha yote na kuanza kugawa upya.

Sasa tazama hatari yake. Mwalimu anataka kuchapisha mtihani. Anabonyeza mara moja, kimya. Anabonyeza mara kumi, kimya. Anakata tamaa na kwenda darasani. Alasiri fundi anairekebisha printa, na nakala zote kumi zilizokuwa kwenye foleni zinatoka, mwenyewe hayupo. Hapo mtihani umevuja, na hakuna aliyeiba!

Hatua za kufuata

1. Futa kwanza kazi zote zilizo kwenye foleni.

2. Chapisha ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye menyu ya printa. Utaonyesha anwani ya sasa na nambari ya MAC, yaani ile iliyotoka nayo kiwandani.

3. Ingia kwenye ruta uone inagawa kuanzia wapi hadi wapi. Tuseme ruta yenyewe ni 192.168.1.1 na inagawa 100 hadi 200. Chagua nambari nje ya fungu hilo, mathalani 192.168.1.50.

4. Hakikisha haina mwenyewe. Kwenye tarakilishi andika: ping 192.168.1.50. Ikijibu, ina mwenyewe. Isipojibu, usishangilie mapema, kwani chombo kilichozimwa hakijibu. Ndiyo maana kila ofisi yafaa iwe na daftari la anwani.

5. Kwenye menyu ya printa, badilisha kutoka kupokea anwani kiotomatiki hadi kuandika kwa mkono. Andika anwani, kisha nambari ya mpaka wa mtandao, ambayo kwa mfano wetu ni 255.255.255.0, kisha lango, yaani anwani ya ruta.

6. Iambie kila tarakilishi anwani hiyo mpya, halafu chapisha ukurasa mmoja wa majaribio.

Njia nyingine ni kuiagiza ruta iiwekee printa anwani moja daima kwa kuitambua kwa nambari ya MAC. Njia hii ni nzuri, ila ukinunua ruta mpya sharti uiagize tena. Ama kuifungulia printa mlango wa kufikiwa kutoka nje kwa intaneti, usithubutu! Mwaka 2018 maelfu ya printa duniani, zilizoachwa wazi hivyo, zilichapisha ujumbe wa mtu ambaye wenye printa hawakumjua.

Msamiati

Ruta: chombo kinachounganisha mtandao wa ofisi na mitandao ya nje.
Lango: anwani ambayo kazi hupitia zikitoka nje ya ofisi.
Foleni: kazi zinazosubiri kuchapishwa.

Zoezi

1. Ruta inagawa anwani kuanzia 192.168.1.20 hadi 192.168.1.150. Je, printa yafaa kupewa 192.168.1.60? Eleza.
2. Kwa nini hatua ya kwanza ni kufuta foleni?
3. Tunga sentensi mbili ukitumia neno "anwani" kwa maana mbili tofauti.

Haya basi, kazi kwenu. Mwenye swali asikae nalo, alilete chamani tulijadili sote. Kwaherini!