Kabla ya Mbao, Pima Jamvi

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa liko hapo hapo. Kwa hiyo mtu wa Bilele anayetaka sakafu ya mbao asianze na rangi ya vanishi. Aanze na kilicho chini.

Jamvi jipya la zege liache likauke: kwa makadirio, mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na masika huongeza muda. Halafu lijaribu. Kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa solotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, uiache hadi kesho yake. Ifunue taratibu. Ukikuta matone kwa chini, au zege limekoza rangi pale lilipofunikwa, jamvi bado linatoa maji. Plaiwudi utakayoilaza hapo itavimba kingoni, kisha itaachana tabaka kwa tabaka. Walio bondeni karibu na Mto Kanoni warudie kipimo wakati wa mvua. Jamvi lililomwagwa bila nailoni chini yake hukauka juu kiangazi, likamdanganya hata fundi mzoefu.

Nyumba iliyopitia tetemeko la Septemba 10, 2016 ikaguliwe nyufa. Laza rula ya mwashi juu ya ufa: pande zikiwa sawa, ziba kwa simenti uendelee. Upande mmoja ukiwa umeinuka, au ufa unazidi kupanuka, mwite mwashi kwanza, seremala atasubiri.

Sakafu ya mbao ya zamani ni rahisi zaidi. Ng'oa zilizooza, kaza kwa skrubu kila panapolia, kisha tandaza plaiwudi ya milimita 9, skrubu kila sentimita 15 kingoni na 30 katikati. Maungio ya juu yasikutane na ya chini. Kama sakafu ni ya vigae, vigonge kwa sarafu. Kinacholia utupu kimeachia, kitoe. Juu ya udongo mtupu usijaribu kabisa, mchwa watakushinda.

Mbao za msindano zipange ndani ya chumba chenyewe wiki nzima, zikitenganishwa kwa fito ili hewa ipite. Wakati wa kuzifunga, acha sentimita moja kila ukutani, usiijaze kwa simenti wala gundi. Mbao hutanuka mvua zikianza, na zikikosa nafasi hiyo zitainuka katikati ya chumba. Ubao wa pembeni utaifunika, mradi upigiliwe ukutani, si sakafuni.